Meza Isiyopita Mlangoni

Kwa miaka thelathini na mmoja shangazi yangu alikata nguo za watu nyuma ya pazia, na kwa miaka yote hiyo watu walimshukuru baba. Siwalaumu. Mteja akiingia kwetu anamkuta mwanamume wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, futi kamba shingoni, ameketi dirishani kwenye cherehani, mguu unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, na juu ya dirisha kipo kibao chenye herufi nyeupe: TAILOR. Sasa amshukuru nani, pazia?

Kibao kile alikichora babu, baba yao hao wawili, na alipochagua neno la Kiingereza hakuwa anajidai msomi. Rangi ilikuwa imebaki kidogo. Angeandika "fundi" peke yake, watu wangeuliza fundi wa nini, wa saa au wa baiskeli. Na "fundi wa nguo" rangi isingefika. Alipozeeka akawagawia watoto wake kazi, wa kiume cherehani, wa kike mkasi. Shangazi ndiye mkubwa, tena kwa miaka minne, lakini wakati ule hakuna aliyeona ajabu. Mwenye cherehani akaketi mbele, mwenye mkasi akaenda nyuma. Wa mbele wakamwita Fundi. Wa nyuma wakamwita Mkasi, wale wachache waliojua kwamba yupo.

Mimi ni binti wa Fundi. Nipo kwenye cherehani ya pili tangu nimalize shule. Kazi yangu ni vifungo, pindo, kufumua kilichokosewa na, kama baba anavyowaambia wageni, kuongea.

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo zamani, hakina dirisha. Ndani yake mna meza ya kukatia aliyoitengeneza babu mwenyewe kwa mbao nzito, akaziingiza moja moja na kuzipigilia misumari humohumo. Alipomaliza ndipo alipogundua kwamba meza ni pana kuliko mlango kwa kiganja kizima. Watu walimcheka mtaa mzima, naye akasema haina shida, meza haiendi sokoni. Ikabaki pale, balbu moja ikining'inia juu yake, na shangazi akasimama chini ya balbu hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ukitaka kumjua shangazi, mtazame kabla hajakata. Analaza kitambaa mezani, anakipitishia kiganja kutoka ncha hadi ncha kama anayempapasa mtoto mwenye homa, anatulia kidogo, halafu anasema, "Haya." Baada ya hilo "haya" hakuna kurudi nyuma, mkasi unakwenda na mazungumzo yanakoma. Sare za shule aliziachia vidole vitatu vya ziada kwenye pindo bila kuambiwa na mtu, maana mzazi humleta mtoto kupimwa mwanzo wa mwaka naye mtoto hurefuka hadi mwisho wake. Mama mmoja alimletea baba thamosi ya zawadi kwa sababu sketi ya bintiye ilidumu miaka mitatu, kila mwaka inateremshwa pindo kidogo. Baba aliipokea kwa mikono miwili na tabasamu pana. Shangazi akawa anakunywa chai yake kutoka thamosi hiyohiyo.

Mwaka jana macho yakaanza kumsumbua. Daktari wa macho akamwambia hayana ugonjwa, yamechoka tu, ila kazi ya kukata aifanye kwenye mwanga wa mchana, la sivyo aiache. Shangazi akarudi kazini, akafungua pazia na kumwambia baba, "Mdogo wangu, naomba meza yangu ije mbele, hapo dirishani."

"Meza haipiti mlangoni, dada," baba akamjibu.

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana jibu lile lilimfaa sana. Shangazi alipoomba tena, baba akaongeza kwamba mteja akiingia anataka kumwona fundi akishona, si vipande vya vitambaa vimezagaa. Alipoomba mara nyingine, akamnunulia balbu kubwa zaidi. Balbu ile ilileta joto kuliko mwanga. Nilikuwa nikichungulia pazia nikimwona ameinama mpaka pua yake inapata chaki. Siku moja akaniambia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini, "Nikikata kitambaa cheusi, mwanangu, nafuata mstari kwa kidole. Siku kidole hiki kikinidanganya nikaharibu nguo ya mtu, nitaweka mkasi chini na sitaugusa tena." Tangu siku hiyo kila kikija kitambaa cheusi roho yangu ilikuwa juu.

Na koti la Mwalimu lilikuwa jeusi.

Mwalimu huyu alifundisha Kiingereza shule ya jirani kwa karibu miaka arobaini. Wanafunzi walimwita Kamusi, kwa sababu ukimsalimia tu anakusimamisha kukueleza salamu yako imetoka wapi. Alikuja Jumatatu, koti la sufu begani, zito utadhani amebeba mtu. Lilikuwa la marehemu baba yake, ambaye kwa kulitazama koti tu ungejua alikuwa jitu. Mabega yalikuwa yamepauka, viwiko vinang'aa, na mkia wote chini ya kiuno nondo wamejilia.

"Jumamosi ya wiki ijayo wananiaga shuleni," Mwalimu akasema. "Baba alivaa koti hili siku aliponipeleka kuanza darasa la kwanza, na mimi nikalishika mkia njia nzima. Liliniingiza shule, nataka linitoe. Linawezekana, fundi?"

Baba akafunua pindo akatazama upande wa ndani. Huku ndani sufu ilikuwa nyeusi tii, haijawahi kuona jua. Nilimwona anavyofurahi, maana hapo hana mpinzani, baba ni fundi kwelikweli na sitaki mtu aelewe vingine. "Tutalifumua lote," akasema, "tuligeuze, cha ndani kiwe nje, halafu tulipunguze likukae mwilini. Hata marehemu hataamini."

Akaanza kumpima. Mwalimu, akiwa amenyoosha mikono yake mifupi kama anayepekuliwa, akatupa macho juu ya dirisha kwenye kibao. "Fundi," akasema, "unajua umeketi chini ya neno gani?"

"Neno la watu wa nguo," baba akajibu, huku akiandika kipimo cha bega.

"Ni lao, ndiyo. Lakini Waingereza hawakulizaa wenyewe. Walilichukua kwa Wafaransa karne nyingi zilizopita, na kwa Kifaransa cha wakati ule lilitokana na kukata. Aliyeitwa hivyo alikuwa mkataji. Kushona hakumo kabisa katika neno hilo, ukilipasua hukuti sindano wala uzi. Tena lina ndugu. Neno lao la biashara ya rejareja, retail, limetoka kwenye shina hilohilo, kwa sababu muuzaji anakukatia kipande."

Pazia likasogea. Kikatokea kichwa cha shangazi, chaki imemchora kwenye paji la uso. "Mwalimu, hebu rudia hapo."

Mwalimu hakuhitaji kubembelezwa, akarudia yote tangu kwa Wafaransa. Shangazi akacheka mpaka akalishikilia pazia asianguke. "Mungu wangu! Kumbe mdogo wangu ameketi chini ya jina langu miaka yote hii, na kodi halipi!"

Mwalimu akacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti, na najuta kidogo. Yangeishia hapo yangekuwa utani wa siku moja, tungeurudia kwenye chai basi. Lakini baba hakucheka. Aliikunja futi kamba polepole mpaka ikawa duara dogo kiganjani, kisha akasema, "Mwalimu, ya vitabuni tuyaache vitabuni. Huyu anakata tu. Fundi ni mimi."

Kile kicheko cha Mwalimu kikamfia mdomoni. Kichwa cha shangazi kikarudi ndani. Alifanya kazi mpaka jioni, akakata mashati sita, na hakuna hata moja lenye kosa, niliyakagua mwenyewe moja moja. Kisha akafagia vipande, akaufunga mkasi wake kwenye kitambaa laini, akauweka kwapani na kusimama mbele ya cherehani ya baba.

"Kukata tu hakukushindi, mdogo wangu," akasema. "Karatasi zote ziko ukutani."

Akaenda zake. Baba akaniambia atarudi kesho. Hakurudi kesho wala keshokutwa. Nyumbani mama akamuuliza baba, "Umemwambia nini wifi yangu?" Baba akajibu kwamba amesema ukweli. Mama akasema, "Haya, ukweli wako na uje ukukatie nguo," akaondoka na sahani zake.

Mimi siku tatu zile nilikuwa nalifumua koti. Kazi ya kuchosha, lakini nzuri, unapita njia aliyopita fundi mwingine zamani ukiwa unamfuta. Nilipomaliza nikavipiga pasi vipande vyote na kuvipanga, upande mpya juu. Ukitoa mkia ulioliwa na nondo, sufu ilitosha kwa koti la mtu mdogo, ikatosha barabara, bila ziada ya kuchezea.

Ijumaa baba akaingia chumba cha nyuma na mkasi wa akiba. Zile karatasi alizosema shangazi zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari, karatasi ngumu zilizokatwa kwa umbo la kila sehemu ya nguo: mgongo, kifua, kola, mkono. Huzilaza juu ya kitambaa, huchora kwa chaki kuzunguka ukingo, kisha hukata. Baba alikata mgongo, akakata vifua, vyote salama. Akatoa karatasi ya mkono. Juu yake, karibu na kiwiko, palishonwa kifungo.

"Na hiki cha nini?" akaniuliza.

"Sijui, baba. Ndivyo alivyokiweka."

Karatasi ikiwa imelala hivi, kifungo juu, hakikumzuia kitu, lakini ilimkera kukiona pale bila sababu. "Uchafu," akasema, akakikata uzi na kukitupa kwenye kopo la chaki. Akachora mkono wa kwanza, akaukata. Akachora wa pili, akaukata. Akatoka na shati limelowa jasho, akanywa maji glasi mbili, na kuniangalia kama aliyeshinda mashindano. "Hapo kuna nini cha ajabu?" akasema.

Kesho yake nikalivalisha koti lile sanamu letu lisilo na kichwa, ili nilijaribu kwa pini kabla halijashonwa. Mkono wa kushoto ukakaa kama umezaliwa pale. Mkono wa kulia ukagoma. Kila nilipoubana, kiwiko kilipinda kwenda nyuma, kama mtu anayetafuta kitu mgongoni. Nikadhani ni pini. Nikatoa pini zote nikaanza upya. Mwishowe nikaitoa mikono yote miwili, nikaiweka mmoja juu ya mwingine, upande mpya wa sufu juu, na ukingo ukalala juu ya ukingo bila kupishana hata nywele.

"Baba," nikasema, "hii ni mikono miwili ya kushoto."

Alikuja akatazama. Ukiugeuza mmoja uwe wa kulia, upande uliopauka ndio unaotoka nje, koti linakuwa na mkono mzee na mkono kijana. Na sufu iliyobaki ilikuwa vipande vya ukubwa wa kiganja. Baba aliketi kwenye cherehani yake na hakukanyaga. Nilisubiri anigeuzie mimi kibao, maana ndiyo desturi yake kazi ikiharibika, lakini siku hiyo hakufanya hivyo. Akaifunga ile mikono kwenye gazeti pamoja na vile vipande na ile karatasi, akavaa viatu.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Shangazi anaishi vyumba viwili ghorofani, mwendo wa dakika kumi kutoka dukani. Mlango ulikuwa wazi. Tulimkuta amesimama kwenye meza yake ya chakula, ameisogeza mpaka dirishani, anamkatia jirani sketi ya mtoto. Jua lilikuwa limejaa mezani. Na kitu cha kwanza nilichoona ni mgongo wake, umenyooka. Pua haikuwa kwenye chaki. Alikuwa anakata akiwa amesimama wima kama zamani nilipokuwa mdogo, na mkasi unateleza wenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe mdogo wangu karibu, kiti hicho."

Baba hakukaa. Alisimama na gazeti lake mikononi kama mtoto aliyerudishwa nyumbani na barua ya mwalimu mkuu. Shangazi akalipokea, akalifungua, akaiweka mikono miwili mmoja juu ya mwingine. Nilingoja kicheko. Haki ya Mungu, ningekuwa mimi ningecheka mpaka majirani waje. Yeye hakucheka. Akaishika karatasi ya mkono, akaipapasa pale karibu na kiwiko, akauliza, "Kifungo changu kiko wapi?"

"Nilikitoa," baba akasema. "Sikuona kazi yake."

"Kazi yake ndiyo hii." Akaigonga ile mikono kwa kidole. "Kifungo kikiwa juu, nakata wa kushoto. Nikimaliza nageuza karatasi, kifungo kinakwenda chini, karatasi inayumba kidogo, mkono wangu unasikia, najua huu sasa ni wa kulia. Kwenye kitambaa kipana sikihitaji, nakunja mara mbili nakata yote kwa pamoja. Lakini vipande vya kufumua havikunjiki, unakata mmoja mmoja. Nilikishona miaka ishirini iliyopita, siku niliyokata mikono miwili ya kulia. Nililia mule chumbani mpaka nikapata kwikwi."

"Sikujua," baba akasema.

"Ungejuaje? Ulikuwa mbele."

Hakulisema kwa ukali. Shangazi akaendelea, "Na tangu mwaka jana nakitumia kwa kila nguo, kwa sababu sioni."

"Huoni?"

"Kule sioni. Hapa naona. Nilikuomba dirisha mara ngapi?"

Baba akatazama viatu vyake. "Mara tatu."

"Nne," shangazi akasema.

Kisha akaugeukia mkono ulioharibika, na kuanzia hapo hatukuwepo tena. Aliweka karatasi juu yake, upande wa kulia, akaisukuma chini kidogo, akaipindisha kidogo. Mkono wa Mwalimu ni mfupi, kwa hiyo kulikuwa na urefu wa kuchezea. Palipopungua ni sehemu moja tu, nyuma ya kwapa, vidole vitatu. Akachukua kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja, akakigeuza huku na huku mpaka nyuzi zake zikaelekea kulekule ziendako nyuzi za mkono. Akakipitishia kiganja. "Haya," akasema. Akatoa kijipande chenye umbo la jani, akakilaza pale palipopungua, na pakajaa.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Sasa hiki kiraka kinataka mkono mwepesi kuliko wangu. Nikikishona mimi kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kishone wewe."

Baba akakipokea pamoja na mkono na karatasi yake. Alipofika mlangoni akasimama. "Dada, utarudi lini?"

"Kwenye giza lile sirudi. Nikirudi nitaharibu nguo ya mtu, na safari hiyo hakutakuwa na kiraka. Hapa nitawakatia majirani, inanitosha. Wewe utajifunza tu."

Angegomba ningefurahi. Alisema kwa upole kama anayeaga wagonjwa hospitalini, na mimi nikalia ngazini, sifichi.

Kiraka kile baba alikishona kwa mkono siku mbili nzima, uzi mmoja, mishono midogo ambayo hata mimi niliyejua kilipo nilikitafuta. Koti likakamilika. Ijumaa Mwalimu akaja kulichukua, akalivaa, akasimama mbele ya kioo na hakutoa asili ya neno lolote. Akainua mkono, akaushusha, akajishika mkia wa koti kidogo pale nyuma. Kisha akageuka kuelekea pazia. "Aliyekata yuko wapi, nimshukuru?"

"Hayupo," baba akasema.

Basi. Nikangoja aendelee, maana nafasi aliyopewa ilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Akamfungia Mwalimu koti lake kwenye gazeti, akamtakia heri. Nilitaka kumrushia sindano. Usiku ule wakati wa chakula mama akanitazama, nami nikamtazama mama.

Jumatatu nilichelewa kidogo, na nilisikia nyundo kabla sijafika mlangoni. Nikadhani ni majirani. Ndani vumbi lilikuwa jeupe kila mahali. Fremu ya mlango wa chumba cha nyuma ilikuwa imeng'olewa, imeegemezwa ukutani pamoja na pazia, na matofali ya upande mmoja yamebomolewa kuanzia juu hadi chini, upana wa kiganja kizima. Meza ya babu ilikuwa chumba cha mbele, chini ya dirisha, kibao kikiwa juu yake palepale siku zote kilipo, hakuna aliyehitaji kukigusa. Fundi baiskeli wa jirani alikuwa amekaa chini akijikanda kiuno. Mama alikuwa anafagia vipande vya ukuta, na uso wake ukisema mengi. Cherehani ya baba ilikuwa imesukumwa pembeni, kwenye kivuli, pale lilipokuwa pazia.

Baba alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Hapo akaingia mama mmoja na kitambaa chake kwenye mfuko, mteja mgeni, akashangaa hali aliyoikuta. "Samahani, fundi ndiye wewe? Nimeleta gauni."

Baba akajifuta mikono kwenye suruali. "Karibu, mama, ngoja kidogo," akasema. "Mimi nashona tu. Fundi yuko njiani."

Hakuwa njiani. Alikuwa kwake ghorofani, hana habari. Baba akanikazia macho, nami nikaelewa, nikatoka mbio hata mkoba sijautua.

Shangazi alikuja na mkasi wake kwapani kwa sababu nilimwambia kuna mteja, na zaidi ya hapo nilifunga mdomo, jambo ambalo sijawahi kuliweza tena. Alisimama kizingitini. Akatazama tundu lile ukutani, akatazama meza, jua limelala juu yake kutoka ncha hadi ncha. Alikwenda akaiwekea kiganja. Juu ya meza kulikuwa na kitu kimoja tu, karatasi ya mkono, na karibu na kiwiko, kifungo chake kimerudi. Baba alikuwa amekishona kama vile anavyoshona vifungo vya suti ya harusi, nyuzi zimekatizana katikati, chini yake amezungushia uzi mpaka kikapata shina. Kwenye karatasi! Shangazi akakipapasa kwa kidole gumba. Akageuza karatasi, ikayumba kidogo juu ya mbao.

Mteja akabaki na mfuko wake mkononi, hajui kinachoendelea. Kule kwenye kivuli baba alikuwa ameinama kwenye cherehani, amejifanya ana kazi, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Akakosa. Akalamba uzi, akajaribu tena, akakosa tena. Pale palikuwa na giza.

Shangazi alimtazama mpaka alipokosa mara ya nne. Kisha akafuta macho kwa kiganja chenye chaki.

"Mdogo wangu," akasema, "leta cherehani yako huku. Dirisha linatutosha."

Tukaishika, mimi upande mmoja na mama upande mwingine, tukaisogeza mpaka ikagusana na meza. Shangazi akakilaza kitambaa cha mteja juani, akakipitishia kiganja, akasema, "Haya."